Saba Yenye Mkanda

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyenipa kazi katika umri ambao wenzangu wanapewa pole. Leo mhandisi amenikabidhi daftari hili, penseli mbili, mwiko mpya na boksi la vipande vya kioo, kila kimoja kirefu kama kidole changu cha kati. Ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini akianza kuzungumza juu ya nyumba unanyamaza mwenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Mtaa wa zamani una nyumba thelathini zenye nyufa. Penye ufa nabandika kipande cha kioo kwa saruji, ncha moja upande huu wa ufa, ncha nyingine upande ule. Saruji ikiwa bado mbichi naandika kwa msumari namba ya nyumba na tarehe. Halafu msimu mzima wa mvua nazunguka kwa miguu kuangalia. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa uzi, kioo kinavunjika. Kikivunjika, nyumba inapigwa alama nyekundu na watu wanahamishwa ndani ya siku tatu.

"Kioo hakibembelezwi, fundi," akaniambia. "Wewe andika tu: kizima, au kimevunjika."

Daftari lina kurasa mia mbili. Nyufa nitaziandika upande wa mbele. Huku nyuma nitaandika yangu, maana mke wangu anasema nikilala na maneno tumboni nakoroma. Mwisho wa msimu, kabla sijalikabidhi, nitazichana kurasa hizi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua bado. Nimetembea tangu asubuhi, na nina aibu kidogo kusema kwamba nimefurahi kama mtoto. Miaka thelathini na tatu ya uashi, na nyumba hizi nilikuwa nazipita kama mtu anavyowapita watu kwenye foleni. Leo nimelazimika kuzitazama usoni.

Walijenga wale watu! Kuta nene kutoka ncha ya kidole mpaka kiwikoni. Ngazi zimelika katikati kama kijiko kwa nyayo za watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Namba tano ina dirisha la vioo vya rangi, na saa nne asubuhi jua likipita pale, sakafu yote inavaa kanga. Mwenye nyumba anakanyaga rangi zile akienda jikoni, wala hana habari.

Ofisi inazijua kwa namba. Mimi nimezipa majina. Namba mbili ni Bibi Harusi, ana nakshi za chokaa shingoni mpaka kifuani, zimekatika hapa na pale. Namba nane na tisa ni Mapacha Waliogombana, wamegawana ukuta mmoja lakini kila mmoja ameinamia kwake. Namba ishirini na nne ni Mzee Kikohozi: ukifunga mlango kwa nguvu anatoa vumbi kifuani.

Namba kumi na saba sijaipa jina. Nitakwenda Alhamisi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwenda.

Ni nyumba ya ghorofa mbili, na roshani ya mbao inayotazama barabara. Ilikuwa na rangi ya samli, sasa ina rangi ya meno. Mtu asiyeijua angesimama kuisifia, na leo nimesimama, nikaisifia, ili nichelewe kuingia. Pale chini ya roshani ndipo alipoangukia mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, miaka ishirini na sita iliyopita, tulipokuwa tunaikarabati nyumba hii mimi na yeye. Tangu siku ile huwa napitia mtaa wa pili.

Chini kuna kinyozi. Aliponiona na boksi akapaza sauti: "Daktari wa nyumba huyo! Dokta, hebu bandika kioo na hapa, kichwa cha mteja wangu kina ufa!" Mteja akajibu kwamba ufa ni wa wembe wake. Nikacheka nao, Mungu anisamehe, huku nimesimama palepale.

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, anakaa ghorofa ya pili na binti yake. Mwenye nyumba wa wakati ule alimwonea huruma, akampa vyumba viwili, na hajahama. Anashona nguo. Alinikuta ngazini, ambako ufa unapanda kutoka chini mpaka kwenye mlango wake. "Shemeji! Leo umepotea njia?" akasema. Akaniletea chai kwenye sahani na kikombe chake, akashika taa nikibandika kioo. Niliandika 17, kisha 7/3. Saba zangu zina mkanda tumboni. Baba alitufundisha hivyo, mimi na mdogo wangu, kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu: "Saba bila mkanda suruali itamvuka!"

Ufa unaingiza ukucha. Kioo kizima.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mvua imeanza, wakati wa ibada. Hatukusikia mahubiri, tulisikia bati.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Na. 17, kioo kizima. Shemeji kanipa chai. Vioo vyote thelathini vizima, nimempelekea mhandisi habari kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mvua. Viatu vimefungua midomo.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kuna jambo sijalielewa.

Ufa wa namba kumi na saba ulikuwa unaingiza ukucha. Leo unaingiza penseli. Nimeiingiza na kuitoa mara tatu. Ukuta umesogea, hilo mwanafunzi wa juma moja angeliona. Lakini kioo ni kizima. Namba ileile, tarehe ileile 7/3, saba mbili zimevaa mikanda yao. Ni mwandiko wangu.

Nimeligusa lile tone la saruji. Saruji ya wiki mbili inatakiwa iwe jiwe. Hii ilikuwa na ubaridi wa kitu kilichoamka sasa hivi.

Nimeandika: kizima. Kilikuwa kizima kweli.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Nimemwambia mke wangu. Akanitazama. "Labda ulibandika mara mbili ukasahau. Juzi umetafuta miwani nyumba nzima, ipo puani."

"Sijasahau, mama watoto. Ni mwandiko wangu lakini si mkono wangu."

"Sasa ni mkono wa nani?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Duniani kulikuwa na watu wawili tu waliofundishwa saba ile.

Baadaye akaniuliza, "Umefunga?" Nikamwaga maji. Alikuwa anauliza mlango.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Kinyozi kaniambia roshani inalia mvua ikipiga. "Inatembea hiyo," kasema. "Kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anapaka lipu." Alikuwa anacheka.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Wiki iliyopita, kabla sijashuka, nilitia msumari alama ndogo pembeni ya saruji ile, nukta moja, haionekani mpaka uitafute. Leo nimeitafuta. Hakuna nukta. Kioo kizima, 17, 7/3, mikanda. Penseli imezama yote, na kidole kinafuata.

Ngazi ilikuwa kimya. Cherehani ya shemeji haikuwa inalia. Nikasikia mbao za roshani, upande wa pili wa ukuta, taratibu: kushoto, kulia. Nikaita jina la mdogo wangu. Sijui kwa nini niliita. Mbao zikanyamaza.

Nimeshuka ngazi kama mwizi. Chini kinyozi kauliza, "Dokta, mgonjwa anaendeleaje?" Nikamjibu: mzima.

Ijumaa, tarehe 29 Machi

Nimesali, usingizi wa mchana umekataa, basi niandike. Daftari, wewe hujui neno hili, kufunga, limenifanyia nini.

Siku ile tulikuwa tunapaka lipu chini ya roshani, juu ya jukwaa la mbao na kamba. Kamba ya kulia nilifunga mimi. Saruji ilikuwa inakauka, nilikuwa na haraka, nikaizungusha mara mbili, na kawaida yetu ni tatu. Mdogo wangu akauliza toka chini, "Kaka, umefunga?" Nikasema, "Nimefunga, panda." Akapanda. Hakumaliza hata karai moja.

Na yeye siku ile alikuwa amefunga. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alijiwekea saumu ya siku tatu, kumwomba Mungu mtoto azaliwe salama. Ilikuwa siku ya pili.

Msimamizi wa ujenzi akaja na karatasi. Mimi nimekaa chini, kichwa cha mdogo wangu kipo mapajani kwangu. Akaniuliza, "Marehemu alifunga?" Neno marehemu nilikuwa nalisikia mara ya kwanza juu yake. Nikadhani anauliza habari ya saumu, kwamba labda alipata kizunguzungu. Nikasema, "Ndiyo, alifunga."

Akaandika. Akasoma kwa sauti mbele ya watu: marehemu alifunga kamba ya jukwaa mwenyewe.

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikufungua. Kila mtu akatikisa kichwa, masikini, kijana, haraka ya ujana. Nikazika, nikalea yatima kwa kadiri nilivyoweza, na kila nikipiga magoti namwambia Mungu: sikusema uongo, alifunga, Wewe mwenyewe ulimwona amefunga. Miaka ishirini na sita namfundisha Mungu Kiswahili.

Sasa yeye amekuja kuniandikia kwenye ukuta.

Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Bibi Harusi amedondosha kipande cha nakshi cha shingoni. Nimekiokota, nimekiweka kwenye boksi pamoja na vioo. Sijui nitakipeleka wapi.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Niliona heri nimkute ana kwa ana, hata kama amekufa. Zamu ya namba kumi na saba ni Alhamisi, basi nikaenda leo, saa nne asubuhi. Nimesoma dua zote nilizofundishwa na nyingine nimezitunga ngazini.

Kwenye kona ya ngazi, mbele ya ufa, alikuwa amepiga magoti mtu. Alikuwa shemeji.

Ana kikombe cha chai chenye saruji, kijiko, na sindano ya magunia. Kioo kilichovunjika kipo kwenye kanga, kizima kipo ukutani, naye anaandika. Niliutazama mkono wake ukichora saba kama alivyochora mdogo wangu: kichwa, mguu, halafu ukarudi kuifunga mkanda.

"Shemeji," nikasema.

Hakushtuka. Alimaliza mkanda kwanza. "Leo Jumatano," akasema, kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

"Nani kakufundisha kuandika hivyo?"

"Mdogo wako. Mimi shule nilikanyaga wapi? Alinifundisha mwaka ule tulioana, kwa mkaa, sakafuni. Anasema saba bila mkanda suruali itamvuka." Akacheka kidogo, peke yake.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuja kukutana na maiti nikaukuta mwandiko wake unaishi, unakunywa chai.

"Na vioo?"

"Vya picha. Nilizonazo zote za ukutani. Fundi wa fremu amenikatia." Akanionyesha mlango wake ulio wazi. Picha ya mdogo wangu, ile ya harusi, ipo ukutani, haina kioo. Vumbi limeanza kumkaa usoni.

Nikamwambia ukweli wa ukuta. Unatembea. Utaanguka, na utaanguka na yeye, na binti, na kinyozi na vichwa vyake. Akanisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Siwezi kuhama, shemeji. Nikwambie kitu sijamwambia mtu. Asubuhi ile aliniomba nimshonee mfuko wa suruali, umetoboka. Tumbo kubwa, miguu imevimba, nikamjibu, shona mwenyewe, una mikono. Akaondoka kanuna. Akaenda kufunga kamba na mikono ileile. Unafikiri ingekuwaje? Mimi ndiye niliyemwangusha." Akafuta kijiko kwenye kanga. "Kila asubuhi nafagia ile roshani. Natembea pale, nazungumza naye. Nikihama, abaki na nani?"

Nilikuwa na neno moja la kusema. Lilikuwa mdomoni. Nililisikia ladha yake.

"Andika kizima," akaniambia. "Nakuomba, shemeji. Wewe ni ndugu yake."

Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Na. 17, kioo kizima.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Nimeliandika jana neno hilo na leo nimelitazama. Alifunga. Kizima. Yote mawili kweli tupu, na mtu yupo chini yake.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mzee Kikohozi ameanguka. Saa mbili asubuhi, bila kelele nyingi, kama mtu mzee anavyokaa chini. Kioo chake kilivunjika Jumanne iliyopita nikaandika, na Ijumaa watu wakahamishwa. Kumi na mmoja. Mama mmoja alirudi leo kuchukua sufuria, akakuta hakuna nyumba, akanishika mkono wangu huu akaubusu.

"Kipande kimoja cha kioo, fundi," mhandisi akasema. Alikuwa analia na kofia yake ya kazi kichwani. "Umeokoa watu kumi na mmoja kwa sababu hukuandika unachotaka. Umeandika ulichokiona."

Nimerudi nyumbani, sikuweza kula. Mke wangu akaniuliza tena kama nimefunga. Nikasema ndiyo, na safari hii nilijua anauliza nini.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mvua. Mvua. Nimefunga leo.

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Ni saa saba mchana, naandikia kwenye ngazi ya namba kumi na saba, kwa sababu nikisubiri kufika nyumbani nitakuwa nimejitafutia maneno mazuri.

Nimefika asubuhi, nimeshusha timazi, ule uzi wenye jiwe la kupimia, kutoka dirisha la juu. Juu uzi umegusa ukuta. Chini, jiwe limesimama mbali na ukuta kwa kiganja kizima. Nyumba imeinamia barabara, kama mtu anayechungulia nani anakuja. Ufa unaingiza ngumi. Kioo kimevunjika, na chini yake kikombe cha saruji mbichi kinasubiri.

Nimekichukua kikombe, nimeingia nacho ndani. Shemeji yuko kwenye cherehani. Binti yupo pia, muuguzi, ametoka zamu hajavua hata sare. Akasema, "Baba mkubwa, shikamoo. Mbona umelowa hivyo?" Huyu ndiye alikuwa tumboni.

Nikakiweka kikombe juu ya meza. "Shemeji, hakufunga yeye."

"Nani?"

"Kamba. Nilifunga mimi. Nilizungusha mara mbili. Akaniuliza umefunga, nikamwambia nimefunga, panda. Msimamizi alipouliza nilisema alifunga, na nilikuwa na maana ya saumu. Alipoandika vingine nikanyamaza. Mikono yake haikugusa ile kamba. Mfuko wako hauhusiki."

Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka. Akaliwekea kiganja, likasimama.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na inatakiwa ngapi?"

"Tatu."

Akahesabu kwa vidole, moja, mbili, kama anayepima kitambaa. Binti akaniuliza, taratibu, sauti ya kitoto kabisa, "Kwa hiyo baba hakukosea kitu?"

"Hakukosea kitu, mwanangu. Alikuwa amekufungia wewe."

Shemeji akainuka. Akafungua sanduku lililo chini ya kitanda, akatoa suruali ya kijivu, suruali ya kazi, ina chokaa magotini mpaka leo. Akaugeuza mfuko nje. Uzi juu ya uzi juu ya uzi, mweupe, mweusi, mwekundu, mgumu kama ngozi.

"Unauona huu? Nashona, nafumua, nashona. Miaka ishirini na sita. Wewe sikukuu unakula pilau ninayokuletea, unasema shemeji Mungu akubariki." Sauti haikupanda. Ingepanda ningepumua. "Chai yangu umekunywa Alhamisi ngapi?"

Nikataja. Tano.

"Toka."

"Nitatoka. Lakini na wewe utatoka, shemeji. Hakuna unayemlinda humu. Nilikufungia humu mimi."

"Toka, nimesema!"

Nimetoka. Nipo ngazini. Nyuma ya ukuta nasikia mbao za roshani, kushoto, kulia, na sasa najua ni miguu ya nani, na bado nywele zimenisimama. Nimempigia mhandisi simu. Nimemwambia: namba kumi na saba, kimevunjika. Anakuja na watu na rangi nyekundu. Binti ananiita ndani, anasema mama yake anatetemeka, nije nimshike. Naingia.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Shemeji umesahau daftari juu ya cherehani ulipokuja kunishika. Nimesoma lote. Mimi nasoma polepole lakini nasoma.

Rangi nyekundu wamepiga jana. Leo tunahama kwenda kwa dada yangu. Kinyozi amebeba cherehani mgongoni anasema ni mteja wake wa kwanza asiyelalamika.

Roshani nimeifagia kwa mara ya mwisho. Sikumsikia.

Umeandika utazichana kurasa hizi. Usichane. Vioo vya namba 17 niliweka mimi, mara nne, na wewe ulijua ukaandika kizima. Kamba ulifunga wewe. Mfuko nilikataa mimi. Andika yote.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja mwenyewe, usitume mtu.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Binti ndiye aliyeniletea daftari. Hakuniamkia, na alipofika kwenye kona akageuka, akaniamkia kutoka mbali.

Nyumba imeanguka Jumapili saa nne asubuhi. Roshani ilitangulia. Watu tulikuwa nyuma ya kamba, na kinyozi, ambaye sijawahi kumsikia amekosa neno, alikosa. Nilikwenda kwenye kifusi na ruhusa ya mhandisi, nikakuta kipande cha lipu kina kioo kimevunjika na 17 yake. Nilikitazama muda mrefu. Sikuweza kujua kama ni changu au cha shemeji.

Ukurasa wake nimeusoma mara nyingi. Ukilishika daftari kwa mbali, huwezi kusema mwandiko wangu umeishia wapi na wake umeanzia wapi. Kuna wakati naufunika uso wangu, nafunua, na namsoma yeye, aliye chini ya ardhi, ananiambia andika yote. Sitapona woga huo, wala sijaomba nipone.

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Mvua ndogo. Bibi Harusi bado amesimama, kioo kizima. Nimembandikia kipande chake cha shingoni.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mvua zimekwisha. Nimepita mtaa mzima asubuhi hii, bila kioo mkononi, kuziaga. Namba tano sakafu imevaa kanga yake. Mapacha Waliogombana wamemaliza msimu, bado hawasemeshani. Mahali pa namba kumi na saba pana anga, na ukutani kwa jirani umebaki mchoro wa ngazi, ukipanda kwenda pasipo na kitu. Nilisimama pale chini. Sikupitia mtaa wa pili.

Mke wangu amesoma kurasa hizi jana, kwa idhini yangu. Amenishonea kifungo cha shati la kwenda nalo ofisini, akakaza uzi, akaukata kwa meno.

Kesho nakabidhi daftari, mbele na nyuma. Sikuchana hata ukurasa mmoja. Mhandisi anaweza kunifukuza, na karatasi ya msimamizi wa zamani, kama bado ipo mahali, inaweza kufunguliwa. Na iwe.

Najua atakachoniuliza kwanza, maana macho yake hayapitwi na kitu. Atapekua, atafika tarehe 12, atasema, "Fundi, hili lote umeandika wewe?"

Nitamwambia hapana, mwanangu. Humo tumeandika watu watatu.